Jiwe la Chini

Masikio ya Mama Kinu hayakufa siku moja. Yalikufa kama mtu anayehama nyumba polepole, leo anabeba kiti, kesho meza, mpaka siku unaingia unakuta kuta tupu. Kwanza walikwenda ndege. Aliamka asubuhi moja akadhani wamehama mti. Kisha ikaenda filimbi ya birika, naye akaunguza mabirika mawili kabla hajajua kwamba kosa si la birika. Ikafuata kengele ya simu, vilio vya watoto wachanga, halafu sauti za wanawake wenzake. Miaka kumi na tisa alisimama kando ya mashine ya kusaga nafaka, toka asubuhi mpaka jioni, akimimina magunia kwenye ule mdomo wa chuma, na siku hizo hakuna aliyefikiria kuwapa wafanyakazi kitu cha kuzibia masikio. Mwenye mashine aliwapa aproni, basi, na ya kwanza ikichanika ulishona mwenyewe.

Zilizobaki ni sauti za chini. Lori likipita, alilisikia. Mvua ikitaka kunyesha, ngurumo alizipata. Mwanamume mwenye sauti nzito akimsogelea, nusu ya maneno aliyasikia na nusu akayasoma midomoni.

Na gitaa la mwanawe alilisikia lote.

Mwanawe huyo watu walimwita Taratibu. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili, mkunga akasema huyu hana haraka na dunia. Alipokua akawa dereva wa foklifti kwenye ghala la vigae, na kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuvunja kigae hata kimoja. Jioni alipiga gitaa la umeme kwenye chumba cha nyuma, pamoja na mpiga besi mmoja ambaye baadaye alihamia mbali akapotea, na rafiki yake wa tangu utotoni, mpiga ngoma, aliyeitwa Nyundo kwa namna alivyopiga.

Mwanzoni walipiga muziki wa haraka haraka kama vijana wenzao. Mama Kinu alikaa kitandani akawatazama na kuwapigia makofi, kwa sababu mtoto akikuonyesha kitu chake unampigia makofi, umekisikia hujakisikia. Siku moja Taratibu alikuwa peke yake, akainua mkono kufuta jasho. Mama yake akaona mkono umepanda, akadhani wimbo umekwisha, akapiga makofi kwa nguvu zake zote.

Kumbe wimbo ulikuwa katikati.

Taratibu aliweka gitaa magotini. "Mama, hunisikii."

"Nakusikia, mwanangu. Nzuri sana."

"Nilikuwa napiga nini?"

Mama Kinu akatazama miguu yake. Kusema uongo kwa mtoto ni kazi, na yeye hakuwahi kuwa fundi wa kazi hiyo.

Taratibu alilishika tena gitaa. Alianza kulegeza nyuzi. Akazungusha vile vifunguo vya gitaa kidogo, akapiga uzi mmoja. "Hapo je?"

"Hapana."

Akalegeza tena. "Hapo je?"

"Hapana, baba."

Aliendelea hivyo, uzi ukashuka, ukashuka tena, mpaka ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Akaongeza sauti kwenye spika, akapiga mara moja, akauacha uzi umalize wenyewe. Kitu kikapanda kutoka sakafuni, kikapita kwenye miguu ya kitanda, kikamwingia mama mapajani, tumboni, kifuani.

"Hapo!" Mama Kinu alisimama. "Hapo hapo, usiondoke!"

Hivyo ndivyo muziki wao ulivyoshuka. Na ulivyoshuka ikabidi uende polepole, maana Taratibu akiharakisha sauti zilimchanganyikia mama yake kama unga wa wateja wawili. Akajifunza kupiga moja, aiache ifike, ndipo apige ya pili. Jina la bendi lilitoka kwa mama mwenyewe. Alikuwa amewaeleza jinsi bibi yake alivyosaga kwa mawe mawili, la juu linazunguka, watu wanaliona na kulisifia, na la chini limelala tu, linabeba. Wakajiita Jiwe la Chini.

Majirani walicheka. Fundi viatu wa mlango wa tatu alisema, "Wimbo wenu ukianza mtu anakwenda kuoga, anarudi, anawakuta bado mko kwenye neno la kwanza."

Taratibu akamjibu, "Na wewe ulikwenda kuoga kweli? Mbona harufu ya sabuni hatuipati?"

Fundi viatu huyo huyo ndiye aliyemletea Mama Kinu kiti cha kukalia, siku ile walipokuja kumwambia kwamba moyo wa mwanawe umesimama, akiwa juu ya foklifti, saa nne asubuhi, ana miaka thelathini na minne. Mzigo aliokuwa ameunyanyua walimkuta ameshautua chini salama. Watu wa ghala walimwambia hilo kama zawadi, naye alilipokea hivyo.

Taratibu alimwachia mama yake kanda moja. Kituo kimoja cha redio kilikuwa kimetupa mashine yake ya zamani ya kurekodia, ile ya magurudumu mawili, pamoja na kanda zilizozeeka nayo. Taratibu akaiokota, akaitengeneza, na Jiwe la Chini wakarekodi nyimbo nne, dakika arobaini na moja. Nakala nyingine haikuwepo. Alisema atatoa nakala baadaye, na nani angemkimbiza Taratibu?

Kila Jumapili baada ya msiba, Mama Kinu aliiwasha mashine, akaketi mgongo wake ukigusa spika. Akimaliza anakunja blanketi, anapika. Miaka saba alifanya hivyo. Kisha kanda ikaanza kunata na kukwaruza, mashine nayo ikaungua mota, na fundi akasema vipuri vyake havitengenezwi tena popote. Kanda ikaingia kabatini, katikati ya mashuka, na Mama Kinu akakaa miaka minne bila kumsikia mwanawe.

Ndipo Nyundo akaja.

Nyundo sasa alikuwa mtu wa ofisi ya bima, mwenye tai na kitambi cha heshima, lakini alipoingia aliinama kumsalimu kama alivyoinama alipokuwa na miaka kumi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umenenepa."

"Ndio bima hiyo, mama."

Alimsogelea, akaongea kwa sauti yake nzito, taratibu, ili amsome midomo. Alisema muziki waliokuwa wakiupiga zamani sasa una watu wake dunia nzima. Kila Ijumaa zinatoka santuri mpya, watu wanaandika orodha, wanabishana, wananunua. Kuna watu wenye kampuni ndogo walisikia habari za Jiwe la Chini, wanataka kuitoa ile kanda. Jina la Taratibu litaandikwa mbele.

"Jina lake ninalo," Mama Kinu alisema. "Nataka sauti."

"Ndiyo hiyo sauti, mama. Itakuwa kwenye santuri. Utaisikia tena."

"Kanda imenata. Itachezwaje?"

Nyundo akaeleza alivyoelezwa na fundi wa sauti. Kanda za zamani hutoka jasho. Unaiweka kwenye oveni, moto mdogo sana, kwa muda wa saa nane. Ikikauka unaicheza, na papo hapo unaihamishia kwenye kompyuta. Lakini ni lazima ufanye sawasawa, kwa sababu mara nyingine hukubali mara moja tu.

Mtu mwingine angekataa kumpika mwanawe kwenye oveni. Mama Kinu alilielewa vizuri kuliko hata Nyundo. Mahindi mabichi hayasagwi. Yanaganda kwenye jiwe, yanaharibu jiwe na yenyewe. Unayaanika kwanza. Akafungua kabati, akaitoa kanda, akaizungushia taulo, na kabla hajaiachia mikononi mwa Nyundo akaishikilia kidogo.

"Sharti langu ni moja. Besi, zile sauti za chini, msiiguse. Msiipunguze hata kidogo. Mengine fanyeni mnavyojua."

"Mama, naapa."

"Usiape. Kumbuka tu."

"Nitakumbuka."

Ilipita miezi mitano. Ijumaa ya kutoka santuri ilipofika, mkwe wake alikuja kumchukua saa tatu asubuhi. Huyu alikuwa mjane wa Taratibu, mpokeaji wagonjwa hospitalini. Alikuwa ameolewa tena, kwa baraka za Mama Kinu mwenyewe, na bado kila Jumamosi alikuja kumsomea bili zake na kumkata kucha za miguu asizozifikia. Miaka mingi nyuma alijifunza kuishusha sauti yake mpaka chini kabisa, kama mwanamume mwenye mafua, ili mama mkwe amsikie. Wagonjwa walimshangaa alipojisahau akawapokea kwa sauti hiyo.

"Umependeza, mama," alisema kwa sauti yake ya mafua.

"Ninakwenda kumwona mtoto wangu. Nivae matambara?"

Njiani mkwe alitoa simu, akamsomea sikioni yaliyoandikwa. "Wameiweka ya kwanza kwenye orodha ya wiki. Wanasema, 'Kanda ya zamani imesafishwa kwa ufundi wa ajabu. Kila kitu kinasikika wazi, hata kwenye simu.'"

"Imesafishwa nini? Ilikuwa na uchafu?"

"Kelele za kanda labda, mama."

"Ehe," Mama Kinu alisema, na akautazama mtaa.

Duka la santuri lilikuwa kati ya mtengeneza simu na muuza rangi za nyumba. Mwenye duka, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa ameshaweka kiti karibu kabisa na spika kubwa, na juu ya kiti mto. Hakuna aliyemwagiza mto. Mama Kinu aliuona ule mto, akamshika mkono yule mwanamke kabla hata ya salamu.

Ukutani palikuwa na ubao mweusi: MPYA ZA WIKI HII. Mwenye duka alikuwa na desturi ya kuandika kila santuri na neno lake moja la chaki.

*Jiwe la Chini: Gunia. Walitangulia. Sisi ndio tunafika leo.*

*Lami: Njia Haikauki. Nzito. Usiisikilize ukiwa na haraka.*

*Tope la Juzi: Kata ya Nne. Huyu mwimbaji apewe asali na maji ya moto.*

*Moshi wa Dizeli: Madirisha Wazi. Ya safari ndefu.*

"Ile ya kwanza na ya pili ni dumu," mwenye duka alimweleza, akitamka kwa midomo mikubwa. "Ya tatu slaji. Ile ya mwisho stona."

"Dumu la mafuta?"

"Hapana, mama! Ni aina ya muziki. Polepole, mzito, wenye huzuni."

"Na hizo nyingine?"

Mwenye duka akafikiri. "Polepole, mzito, wenye matope. Na polepole, mzito, wenye jua kidogo."

"Kwangu yote ni magunia," Mama Kinu alisema, na watu waliokuwa karibu wakacheka, wanaume wenye ndevu na fulana nyeusi, wawili wamevaa ovaroli za kazini, wakampisha apite kama mama wa bwana harusi.

Nyundo alikuwepo, amevaa fulana nyeusi juu ya kitambi. Alimkumbatia. Alimkabidhi santuri, naye Mama Kinu akaiona picha ya mwanawe kwenye jalada, mdogo, amekaa juu ya gunia, anacheka na mtu asiyeonekana. Mtu huyo alikuwa yeye. Ndiye aliyekuwa amemwambia atoe miguu kwenye gunia la watu.

Akaketi. Akaegemeza mgongo kwenye spika kama alivyofanya Jumapili zote. Akaweka na kiganja. Mwenye duka akashusha sindano.

Mama Kinu akangoja.

Aliwaona wenye ndevu wakianza kutikisa vichwa, wote pamoja, taratibu, kama ng'ombe wanaotafuna. Alimwona Nyundo amefumba macho. Mkwe alikuwa ameweka mkono mdomoni. Muziki ulikuwa unapigwa, hilo lilikuwa wazi. Kwenye kiganja chake kulikuwa na mtetemo mdogo, mkavu, kama nzi kwenye chupa. Mgongoni hakuna kitu. Kifuani hakuna kitu.

Akausogeza mgongo juu, akausogeza chini. Akabadilisha mkono. Mwenye duka aliona, akaongeza sauti. Nzi akawa nzi wawili.

Basi yamekwisha, Mama Kinu akawaza. Masikio yamemaliza kuhama. Miaka minne ile niliyokaa bila kusikiliza ndiyo iliyoondoka nayo, na mimi sikujua, kwa sababu sikuwa na kitu cha kuyapimia. Alijisikia baridi. Nyundo alifumbua macho akamtazama, anangoja uso wa mama ufunguke. Wote walikuwa wanamtazama sasa. Mama Kinu akatabasamu. Alipiga makofi. Kutokana na jinsi walivyotazamana alijua ameyapiga wimbo ukiwa katikati.

Upande wa kwanza ulipokwisha, watu walisogea kununua. Mmoja wa wale wa ovaroli akamwomba mwenye duka amwonjeshe na ile ya Lami, alikuwa na nusu saa tu kabla ya kurudi kazini. Mwenye duka akabadilisha santuri. Mama Kinu alikuwa bado ameketi, anatafuta mkoba wake chini ya kiti ili aondoke.

Ikampiga mgongoni.

Ilipanda kutoka sakafuni, ikapita kwenye miguu ya kiti, ikamwingia mapajani, tumboni, kifuani, ikakaa. Sauti moja, ndefu, ya chini kabisa. Ikaisha. Ikaja ya pili. Mkoba ulimwanguka. Alisikia gitaa, akasikia na ngoma kubwa chini yake, akasikia hata mahali mpigaji alipositia kidogo kabla ya kushuka. Masikio yake yalikuwa pale pale alipoyaacha.

Alikaa na furaha hiyo labda kwa muda wa pumzi mbili. Ya tatu ilileta hesabu yake. Kama masikio ni mazima, basi kilichokufa ni kingine.

"Nyundo."

Nyundo alikuwa anaandika jina lake kwenye santuri ya mtu. Alikuja akitabasamu. "Naam, mama."

"Besi iko wapi?"

"Ipo, mama, si umeisikia..."

"Nyundo. Hii ya watu naisikia. Ya mwanangu sikuisikia. Besi iko wapi?"

Mkwe alikuwa amesogea, akashika bega la mama. Nyundo alimtazama mkwe kama mtu anayetafuta mkalimani, lakini hapakuwa na la kutafsiri.

"Fundi wa sauti," alisema, kisha akakumbuka kutamka polepole. "Fundi alisema kanda ina ngurumo nyingi chini. Kwenye simu inakwaruza. Na watu wengi siku hizi wanasikilizia kwenye simu. Akaikata wakati anaihamisha."

"Akaikata bila kukuuliza?"

Nyundo akalamba midomo. "Aliniuliza. Alinitumia kipande. Nilikuwa ofisini, saa ya chakula. Nikasikiliza kwa hedifoni, zile ndogo za masikioni." Alionyesha kwa vidole udogo wake. "Zile hazina besi, mama. Zenyewe hazina. Sikutambua kama imetoka. Nilisikia gitaa lake, baada ya miaka kumi na moja. Nililia pale pale mezani. Nikamwandikia, 'Safi sana, endelea.'"

"Nilikupa sharti moja."

"Ndiyo, mama."

"Miaka kumi ulikaa nyuma yake na ngoma zako. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa napiga, mama," Nyundo alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa napiga tu."

Mwenye duka alikuwa ameshaondoa sindano, na wenye ndevu walitazama viatu vyao.

"Basi warudi kwenye kanda," Mama Kinu alisema. "Waihamishe upya. Mimi nitangoja. Nimengoja miaka minne."

Nyundo aligeuka. Alitoka nje hadi kwenye gari lake, akarudi na mfuko wa plastiki, na ndani yake taulo la Mama Kinu. Alikuwa akitembea nao kwenye buti la gari kwa miezi mitatu, alisema, hakujua aulete vipi. Kanda ilikubali mara ile moja. Walipojaribu mara ya pili, watoe nakala ya akiba, ilimomonyoka. Utepe uliobaki ulikuwa unang'aa, unaonekana hadi upande wa pili, kama ngozi aliyoivua nyoka. Na chini ya mfuko palikuwa na vumbi la rangi ya kahawia, jepesi, kiasi cha konzi moja ya mtoto.

Mama Kinu aliingiza kidole. Akalisugua kati ya kidole na gumba, kama alivyosugua unga wa wateja miaka kumi na tisa ili ajue umesagika au bado. Alilijua vumbi hilo. Kila anayesaga analijua. Unga ukishachukuliwa na mwenyewe akaenda zake, hiki ndicho kinachobaki kwenye chekecheo.

"Pumba," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Mwenye duka alichukua karatasi ya risiti, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa, akampa asome, ili asimlazimishe kusikia mbele za watu: *Mama, chukua ile ya Lami. Ni zawadi yangu. Nitakutafutia na kitu cha kuichezea.*

Mama Kinu aliisoma mara mbili. Kisha akauliza, "Huyu anayepiga ni mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Wa mbali."

"Ana mama yake?"

"Nadhani anaye."

"Basi sauti yake amwachie mama yake." Alimrudishia risiti, akaushika mkono wake kama alivyoushika alipoingia. "Ahsante, binti yangu. Kwa mto pia. Ila nikiichukua nitaizoea, na mimi sitaki kumzoea mtoto wa mwenzangu."

Jumapili ya pili yake Nyundo alifika nyumbani kwa Mama Kinu asubuhi, anahema, amebeba spika kubwa ya kukodi, na kifaa chenye vitufe vingi vya kuongezea besi. Hakuwa ameitwa. Alifunga nyaya chumba cha nyuma, pale pale, akamwekea mama kiti. Mama Kinu alimpikia chai kwanza, kwa kuwa mtu aliyebeba mzigo kama ule hawezi kukaa bila chai, akamtilia na sukari tatu anazopenda. Lakini tangu siku ile ya dukani hakuwa amemwita mwanangu, na wote wawili walilijua hilo.

Aliketi, akaegemea spika. Nyundo akacheza santuri, akazungusha kitufe.

Ngurumo ilikuja. Ilimtikisa mgongo, ni kweli. Lakini ilikuwa ngurumo tupu, ya umeme na mbao za spika, haikuwa na mkono ndani yake. Haikuwa na mtu anayepiga moja na kungoja ifike. Debe tupu nalo hulia, tena kwa nguvu.

"Hapo je, mama?" Nyundo aliuliza.

Neno alilolitaka lilikuwa dogo. Mama Kinu alilitazama usoni mwake, jinsi alivyolihitaji, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu na jasho la kubeba spika, na akajua kwamba angempa neno hilo, Nyundo angekwenda nyumbani mwepesi, na Jumatatu angeingia ofisini akisema mama amesikia.

"Hapana," alisema.

Nyundo akazungusha kingine. "Hapo je?"

"Hapana, Nyundo."

Akapiga magoti mbele ya kile kifaa, akajaribu cha tatu, na cha nne. Chai yake ikapoa. Mama Kinu aliinuka akaifunika kwa sahani isiingie vumbi, akarudi akakaa, mgongo kwenye spika, akamwachia aendelee kuuliza.